Doa Alilolifua Mjomba Peke Yake

Mjomba wangu ni dobi, nami nimekuwa dobi kwa sababu yake. Mama alipofariki nilikuwa darasa la tano. Mjomba akaja, akafunga nguo zangu ndani ya shuka moja, akaniuliza kama naogopa kazi. Nikatikisa kichwa. Njia nzima sikusema neno. Tulipofika kwake akamwambia mkewe kwamba udobi una sehemu mbili, kufua na kunyamaza, na huyu mtoto nusu ya kazi amekuja nayo tayari. Tangu siku hiyo wakaniita Kimya.

Lile la kunyamaza hakulisema kwa utani. Dobi huona mambo. Tunafua mashuka ya nyumba ya wageni, sare za wauguzi, nguo za walimu na za wazee wasio na mtu wa kuwafulia, na nguo husema mengi kuliko wenyewe. Mjomba alinifundisha kuzisoma. Chai huacha ukingo wa kahawia. Kutu haisikii sabuni. Jasho la homa halinuki kama jasho la kazi. Damu ilikuwa somo la peke yake: inataka maji baridi na chumvi, na inataka haraka. Ukiimwagia maji ya moto, alisema, umeifungisha ndoa na nguo, na ndoa hiyo haina talaka. Na ukishaitoa, sahau ilikuwa ya nani.

Karakana yetu iko nyuma ya nyumba: mabeseni matatu ya saruji, tangi la maji, kamba saba, na kibanda cha mabati chenye meza ya pasi. Kila mteja ana uzi wa rangi yake, tunaoshona ndani ya ukosi au kiunoni ili nguo zisichanganyike. Mjomba hujivunia kwamba kwa miaka ishirini hajawahi kumpa mtu nguo ya mwenzake. Na katika miaka hiyo yote alivaa suruali nyeupe. Alisema suruali ya dobi ndiyo kibao chake cha biashara. Ikiwa chafu, nani atamletea nguo?

Kwa hiyo alipoanza kuvaa suruali nyeusi, niliona. Sikuuliza, kwa kuwa mimi si wa kuuliza.

Yakafuata mengine. Mjomba akawa mtu wa chooni. Anaingia, anatoka, hajafika kwenye beseni anageuka tena. Siku nyingine anakaa humo mpaka maji yanafurika besenini, na akitoka uso wake ni wa mtu ambaye hakumaliza alichokwendea. Wiki moja choo kimefunga, wiki ya pili anaharisha. Mkazamjomba, mke wake, ni mcheshi, akamuuliza kama choo ndicho mke wa pili, maana zamu zake zimezidi. Mjomba akacheka. Akasema ni bawasiri tu, ugonjwa wa watu wa kusimama na kuinua ndoo, na kwamba mwenye duka la dawa amempa vidonge. Vidonge vikaisha, akanywa mafuta ya nyonyo. Mafuta yakaisha, akatafuna mbegu za papai. Kila mtu aliyepita alikuwa na dawa yake, na Mjomba hakumkatalia mtu.

Mkanda wake aliutoboa tundu jipya kwa msumari uliopashwa moto. Baada ya mwezi nikaona la pili, kisha la tatu. Alikuwa akiinua ndoo moja ya maji, halafu anakaa juu ya furushi la mashuka, akijifanya anahesabu vibanio.

Na chumvi ya jikoni ikawa inaisha. Mkazamjomba alinisimamisha mlangoni, akanitazama tumboni kama anayetafuta mimba, akaniuliza taratibu kama kuna kitu nataka kumwambia. Niliona aibu hadi masikio yakawaka. Sikuwa na kitu cha kumwambia. Chumvi sikuigusa.

Aliyeigusa nilimjua asubuhi moja nilipokwenda kufungua maji. Nyuma ya tangi, mahali pasipofika jua, palikuwa na suruali nyeupe imetundikwa. Dobi hatundiki nguo nyeupe kivulini. Jua ndilo linaloimalizia weupe. Nikaichukua, nikaielekeza kwenye mwanga. Ilikuwa na uzi mweupe kiunoni, uzi wetu wa nyumbani. Sehemu ya kukalia ilikuwa na kivuli kipana kama kiganja, rangi ya chai iliyozidishwa maziwa. Mtu mwingine angesema ni nguo safi. Lakini doa la siku moja lina ukingo mmoja, na lile lilikuwa na kingo nyingi, moja nje ya nyingine. Nilielewa yote nikiwa nimesimama pale. Alikuwa bado anaivaa siku anazojiona ana nafuu. Damu inatoka, anaifua alfajiri kwa maji baridi na chumvi, anaficha. Kisha anajaribu tena. Na kila doa lilipotoka kwenye kitambaa, Mjomba alihesabu kwamba limetoka na kwenye mwili wake. Kosa hilo angeweza kulifanya dobi tu, tena dobi hodari. Asiye hodari angekuwa ameshagunduliwa na mkewe zamani.

Nilimkumbuka Bibi, mama yake. Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka alivyokonda mpaka bangili zikawa zinamtoka zenyewe, na watu wazima wakisema ni tumbo tu, ni tumbo tu. Ndilo tumbo hilo lililomzika.

Nani nimwambie? Mkazamjomba anampenda mumewe kuliko macho yake, ila ukimwambia jambo saa mbili, saa tatu limefika sokoni na limeshaongezewa chumvi. Na Mjomba mwenyewe ningeanzaje? Mpwa wa kike hamwambii mjomba wake habari za makalio yake. Nilijaribu kupanga maneno nikipiga pasi. Nikaunguza ukosi wa mwalimu.

Nikamkumbuka Sista. Ni muuguzi, mtu mzima, mwenye miguu inayouma, ambaye kila Jumamosi hupita kuchukua sare zake. Uzi wake ni wa kijani. Mimi na yeye maneno yetu yalikuwa mawili: shikamoo, na marahaba. Jumamosi ile nilikunja sare zake nne, na katikati nikaiweka suruali ya Mjomba, lile doa likiwa juu, nikafunga furushi. Nilijiambia kwamba muuguzi akiona damu ataelewa, atarudi, atauliza, na mimi nitakuwa sijasema kitu.

Nilikuwa nimesahau kwamba watu wengine hawasomi nguo.

Sista alirudi Jumatatu mchana, jasho linamtiririka, suruali mkononi. Mjomba alikuwa kwenye beseni la kati. Sista akamwambia, nusu akicheka nusu amekasirika, kwamba tumempa suruali ya mwanamume, naye amezunguka wodi nzima akiwauliza wahudumu kama kuna aliyeachwa bila suruali, mpaka wenzake wameanza kumsema vibaya. Nguo ilikuwa safi, akaongeza, hilo hakatai.

Mjomba aliitazama suruali kwa kitambo. Aliijua. Akajikausha mikono polepole, akaomba radhi, akasema jambo kama hilo halijawahi kutokea. Kisha akanigeukia. Sauti haikuwa kubwa, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Kimya, miaka ishirini sijachanganya nguo ya mtu. Umefanyaje?"

Kuna namna tunavyosema, jikaze kisabuni. Sabuni inapungua kila ikisuguliwa, lakini haiachi kazi. Nilijikaza hivyo hivyo.

"Sikuchanganya, Mjomba. Niliiweka makusudi."

"Makusudi?"

"Nilitaka Sista aone damu. Ni yako. Ni ya siku nyingi. Unakonda kama Bibi."

Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye shuka la kamba ya nne. Nilidhani atanifukuza. Nilikuwa nimevunja nusu ile ya kazi niliyokuja nayo, tena mbele ya mteja. Sista aliifungua suruali, akaielekeza juani kama nilivyofanya mimi, akaitafuta damu asiione, nikamwonyesha kwa kidole zile kingo. Akavuta ndoo tupu, akaigeuza, akaikalia. Hasira yote ilikuwa imemtoka.

"Fundi," akasema, "keti tuongee kidogo. Miguu inaniuma, usinifanye nikuangalie juu."

Mjomba akaketi kwenye ukingo wa beseni. Akasema ni bawasiri, Sista, kila dobi anayo. Sista akajibu kwamba huenda ni kweli. Bawasiri ipo, inatoa damu, na watu wengi wenye damu chooni wana hiyo au mchubuko tu, wala hawana ugonjwa wa kutisha. Hakumtisha. Akaanza kumuuliza mambo moja moja, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya nyanya. Damu ni nyekundu mbichi, au choo ni cheusi na kinanata kama lami? Iko juu ya choo au imechanganyika nacho? Imeanza lini? Choo kimebadilika kutoka kilivyokuwa zamani? Ukitoka unahisi umemaliza? Tumbo linauma, linajaa, unatapika? Unachoka? Kuna mtu wa familia aliyeugua utumbo?

Mjomba alijibu akitazama miguu yake. Damu imechanganyika. Miezi minne. Ndiyo. Hapana, hahisi amemaliza. Anachoka. Swali la familia nililijibu mimi: mama yake.

Hapo Sista akasema maneno ambayo nimeyashika, kwa kuwa tangu hapo nimewaambia wateja watatu, mimi ninayeogopa hata kuuliza saa. Alisema tumbo lina kelele nyingi za bure. Mtu akijaa gesi, akifunga choo siku mbili tatu kwa sababu hanywi maji, akiharisha siku moja mbili kwa chakula kilicholala, mara nyingi anywe maji, ale mboga na matunda, atembee, angoje, na mwili utajitengeneza. Lakini choo kikibadilika kikakaa hivyo wiki tatu, hapo usingoje tena. Damu usiipe jina mwenyewe, hata kama ni kidogo, hata kama haiumi. Kukonda bila kutaka, kuchoka bila sababu, uvimbe tumboni, hayo nayo ni ya kwenda kuonyesha. Na kuna yale ya kukimbia siku hiyo hiyo: damu nyingi, choo cheusi kama lami, maumivu makali yasiyoachia, tumbo limevimba na hakipiti kitu wala hewa, kutapika kusikokoma, au kuharisha mpaka mtu hakojoi na kichwa kinazunguka.

"Bawasiri inaweza kutoa damu, Fundi. Lakini kukutobolesha mkanda matundu matatu? Hilo silijui kwake."

Sikujua kama na yeye alikuwa ameyaona yale matundu. Kumbe kila mtu husoma kitu chake.

Mjomba akasema atakwenda mwezi ujao, kazi ikipungua. Sista akamwambia kazi haipungui mpaka dobi apungue. Basi ikabidi Mjomba aseme la kweli. Alilisema kwa sauti ya chini, kwamba yeye ni mtu mzima, ana heshima yake mtaani, na hawezi kuvua nguo daktari wa umri wa mpwa wake amchungulie huko.

Sista hakucheka. Alimuuliza, "Miaka ishirini unafua mashuka ya watu. Umeona siri za mtaa mzima. Umemcheka nani?"

"Sijamcheka mtu."

"Kwa nini?"

Mjomba akafikiri. "Ni kazi tu. Nguo imechafuka, inafuliwa."

"Basi na daktari ni hivyo."

Alhamisi walikwenda hospitali, yeye na Mkazamjomba, ambaye aliposimuliwa alilia kwanza, kisha akamgombeza, kisha akaniomba radhi kwa ile habari ya chumvi. Mimi nilibaki na mabeseni. Walirudi alasiri, na Mjomba alikuwa kama mtu aliyetua mzigo wa mashuka mabichi. Daktari alimpima kwa kidole, haikuchukua hata muda wa kupiga pasi leso. Damu yake ilikuwa imepungua sana. Wakampa siku ya kuja kuangaliwa ndani ya utumbo kwa kamera ndogo yenye mpira mrefu, na dawa ya kunywa siku moja kabla ili utumbo uwe safi. Dawa ile jamani. Siku ile Mjomba alikimbia hata tukaacha kuhesabu, na Mkazamjomba alimwekea kiti nje ya choo, akasema yule mke wa pili leo kaamua kumhamishia kwake kabisa.

Walikuta uvimbe kwenye utumbo mpana. Wakakata kipande kidogo, wakakipeleka kupimwa, na tukasubiri majibu wiki mbili. Sitaki kuzieleza sana wiki zile. Mjomba alinifundisha kuchanganya wanga wa nguo za walimu, jambo ambalo siku zote alilifanya mwenyewe, na sote tulijua kwa nini ananifundisha. Siku moja tukiwa tunakunja shuka, yeye huku mimi kule, aliniambia kwamba ile suruali ilikuwa imemshinda. Doa la kwanza alilitoa lote. La pili likaacha kivuli. Kila mara akasema chumvi ndiyo haikutosha.

Majibu yakaja: ni saratani. Daktari akamweleza vizuri, Mkazamjomba akiwa amemshika mkono. Picha zilionyesha bado imekaa ndani ya utumbo, haijatembea. Wangekata kipande hicho na kuunga huku na huku, kama mtu anayekata sehemu ya kitambaa iliyooza. Mjomba akauliza angekuja mwakani ingekuwaje. Daktari akamjibu kwamba asingezungumza naye habari za kuunga.

Alifanyiwa upasuaji Jumanne. Sista hakuwa wa wodi ile, lakini alipanda ngazi na miguu yake ile kila zamu ilipoisha, akamwangalia. Jumatano Mjomba alikuwa anasinzia. Alhamisi aliketi. Akaanza kunywa maji kwa vijiko. Tatizo likabaki moja, na wodi nzima ililijua: utumbo ukishikwashikwa hulala, na mpaka uamke chakula hakiruhusiwi. Dalili ya kuamka ni hewa. Kwa hiyo kila muuguzi aliyepita alimuuliza, tena kwa adabu zote, kama ametoa hewa. Daktari akauliza. Anayefagia akauliza. Mgonjwa wa kitanda cha dirishani, dereva aliyekatwa kidole tumbo, alitoa yake siku iliyotangulia na sasa alikuwa anakula uji mbele ya watu, akimtia Mjomba moyo kwa kijiko. Mjomba, aliyekuwa na aibu hata ya jina la choo, alijibu "bado" mara kumi kwa siku, kama mwanafunzi asiyejua hesabu.

Ijumaa nilikwenda mimi, Mkazamjomba akabaki na karakana. Nilimkuta amelala chali, tumbo limejaa, macho juu ya dari. Niliogopa. Nilikumbuka Sista alivyosema juu ya tumbo lililovimba na kitu hakipiti. Nikamshika mkono, nikamsaidia kusimama kama walivyoelekeza, tukatembea hatua chache kutoka kitandani mpaka ukutani na kurudi, yeye akishikilia mshono wake, mimi nikishikilia chupa ya maji inayoingia mkononi. Mara ya tatu akasimama. Akanitazama kwa mshangao. Kisha ikatoka, ndefu, yenye sauti, mbele yangu mimi mpwa wake, na wodi yote ikasikia.

Sikujua nitazame wapi. Naye hakujua. Halafu nikaona machozi yanamlengalenga na midomo inamcheza, na kumbe anacheka, anajizuia kwa sababu ya mshono.

"Nenda," akaniambia. "Kawaambie."

Meza ya wauguzi ilikuwa mwisho wa wodi, vitanda kumi na viwili kutoka kwetu, na vyote vina watu. Nilitembea. Nilikuwa na maneno mawili tu ya kubeba, na nilitaka kuyasema vizuri. Muuguzi wa zamu alikuwa anaandika, na Sista alikuwa amesimama kando yake, ndiyo kwanza amefika, anahema kwa sababu ya zile ngazi.

"Mjomba amejamba," nikasema, kwa sauti ambayo sikujua kama ni yangu.

Dereva wa dirishani alipiga kijiko kwenye bakuli. Mwingine akasema Mungu mkubwa. Muuguzi wa zamu alicheka, akaandika kwenye faili, akasema jioni mzee anywe uji mwepesi. Sista alinishika mabega, akaniegemeza kifuani kwake, kwenye sare niliyoipiga pasi mwenyewe, nami nikamwambia asante. Nikamwambia tena, na mara ya tatu, nikaona asante haziishi.